Pangani ikisubiri ghorofa

Mwanzoni mwa 1857 Richard Burton na mwenzake John Speke walishuka Pangani, wakijipima nguvu kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mtu wa kuhesabu kila alichokiona, na nyumba za mawe za mji huo hazikumponyoka. Hazikuzidi 20. Mji uliobaki ulikuwa wa miti, udongo na makuti.

Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayesimama leo India Street akinyoosha simu kupiga picha roshani za mbao. Mji wa mawe wa Pangani hauna umri wa Kilwa. Sehemu yake kubwa ilipandishwa haraka haraka, katika muda unaoweza kuenea ndani ya maisha ya mtu mmoja na mwanawe: enzi za pembe, watumwa na sukari, kisha za mkonge na nazi. Ulikuwa mji wa pesa, wenye ardhi finyu, mto ubavuni, bahari mbele na mashamba mgongoni. Waliojenga hapo walikuwa na swali linalowakabili warithi wao sasa. Watu wengi wakae vipi mahali padogo, wafanye biashara hapo hapo, na wasiokwe na joto?

Swali limerudi kwa sababu ya barabara. Daraja jipya la mita 525 kati ya Pangani na Bweni ni kiungo cha barabara ya kilomita 256 inayotoka Bagamoyo, kupitia Makurunge na Saadani, hadi Tanga. Kwa miongo mingi mtu wa kuvuka mto alisubiri pantoni, na pantoni ikiharibika alisubiri fundi. Kusubiri huko kuliwachosha wagonjwa, wanafunzi na wauza samaki, lakini kulifanya kazi moja ambayo hakuna ofisi ya ardhi iliyoifanya: kulimchosha pia dalali. Mwenye fedha za kusimamisha jengo la ghorofa 8 hapendi kuanza safari yake kwa foleni ya pantoni. Kaskazini zaidi, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Sensa ya 2012 ilikuta watu 54,025 katika wilaya nzima ya Pangani; ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya 75,000. Ghorofa zitakuja.

Na zije. Wanaotaka Pangani ibaki ilivyo mara nyingi ni watu wanaolala kwingine. Hawajui kuhamisha godoro usiku wa masika kwa sababu dari limeanza kudondosha udongo. Mji unaokua ukikatazwa kwenda juu utakwenda pembeni, ukila minazi na mikoko, na kila familia mpya itaongeza kipande cha barabara, bomba na nguzo ya umeme ambacho halmashauri haina fedha za kukilipia. Hoja ya makala haya ni nyembamba zaidi. Inahusu ni ghorofa za namna gani, na inadai kwamba kielelezo chake kipo tayari, katika mpango wa nyumba za India Street. Mpango, si sura. Kubandika roshani ya mbao kwenye mnara wa zege ni kumvisha mtu kanzu juu ya suti.

Nyumba yenyewe ikoje? Chini ni duka, mlango wake ukiangalia mtaa. Juu ya duka wanakaa watu. Kuta za pembeni ni za ushirika: ukuta wa jirani ndio ukuta wako, kwa hiyo jua halina pa kuupigia. Mbele kuna baraza, ambayo huinua sakafu juu ya maji ya mvua na pia humpa mpita njia pa kuketi. Juu ya baraza, roshani hutupa kivuli barabarani. Nyuma kuna ua, na uani ndiko hewa ya moto inakopandia na kutoka, ikivuta nyingine kutoka mtaani kupitia ndani ya nyumba. Kuta za mawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, kuna dirisha linaloipokea.

Watu wa Lamu walikwenda mbali zaidi. Familia ikizidi na kiwanja kikiwa kimejaa, walijenga chumba juu ya kichochoro, kikiegemea nyumba mbili, na kukiita wikio. Mtaa ukabaki wa umma, anga yake ikawa ya familia, na mpita njia akapata kivuli bure. Upana wa vyumba huko uliamuliwa na mti: boriti ya mkoko hubeba dari zito la mawe na chokaa kwa mita mbili na nusu, tatu ikibidi, basi. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba. Uzuri wanaousifu wageni ulianzia kwenye urefu wa gogo.

Sasa hesabu, kwa sababu mjadala wa ghorofa bila hesabu huishia kwenye ubishi wa ladha. Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000. Mjenzi wa kwanza anasimamisha katikati yake jengo la sakafu 8, kila sakafu mita 250, na nje anamwaga kokoto kwa ajili ya magari. Amepata mita 2,000 za kukaa watu. Mjenzi wa pili anajenga pembezoni mwa kiwanja, ukuta kwa ukuta na jirani, akiacha theluthi moja katikati iwe ua wa wazi. Anapanda sakafu 3 tu: duka chini, makazi mara mbili juu. Naye amepata mita 2,000 zile zile.

Tofauti ni gharama za kuishi humo. Jengo la sakafu 8 linataka lifti, pampu ya maji, jenereta la kuiendesha pampu umeme ukikatika, nondo nene na msingi wa kwenda chini katika ardhi ya mchanga yenye maji ya chumvi. Linapigwa na jua pande zote nne, kwa hiyo linataka viyoyozi pia. La sakafu 3 linataka ngazi. Ni kinaya kwamba mto unaopita hapo umefungwa mitambo ya umeme juu kidogo tu, Hale tangu 1964 na Pangani mpya yenye megawati 68 tangu 1995, na bado mji ulio mdomoni mwake unaweza kujengewa nyumba zinazomlazimu mpangaji kununua ubaridi kwa yuniti.

Anayetaka kuona mjenzi wa kwanza akirudiwa mara mia aende Kariakoo. Mtaa huo ulikuwa wa nyumba za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kama zile ambazo bado zinaonekana Ngamiani, Tanga, katika barabara zake za namba. Viwanja vilikuwa vidogo, vilivyopimwa kwa nyumba ya chini. Fedha zilipokuja, kila kiwanja kikapanda peke yake hadi mpakani, bila kumuuliza jirani. Madirisha ya sebule yakaishia kutazama ukuta ulio umbali wa mkono mmoja. Ua likatoweka, na pamoja nalo hewa, mwanga na mahali pa kuanika nguo. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likiendelea kujengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo lenye maduka Kariakoo lilianguka na kuua watu zaidi ya 20. Huko kote mafundi walikuwapo, wengine hodari sana. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana na kusikilizwa.

Zanzibar nayo iliwahi kujaribu njia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume iliwaita wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki, na majengo marefu ya Michenzani yakakatiza Ng'ambo kama vitabu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Ni rahisi kuyacheka leo. Mwenye haki ataanza kwa kukiri kwamba yalimpa mtu wa Ng'ambo choo cha ndani, jiko na mlango wa kufunga, na kwamba yalijengwa kwa nia ya kumwinua mnyonge. Lakini mchoraji wake hakuwaza baraza. Wala hakuwaza mama anayekaanga mihogo jioni mbele ya nyumba yake, wala maiti inayopaswa kuteremshwa kwa ngazi nyembamba, wala harusi. Wakazi walijirekebishia wenyewe: maduka na vibaraza vikaota chini, penye ngazi. Ukitaka kujua nyumba ilisahau nini, angalia wapangaji wake wameongeza nini.

Pangani yenyewe iliokolewa na bahati mbaya. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, na bandari ya Tanga ikaanza kuinyang'anya Pangani mizigo yake. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mto, shamba la Kikogwe lilipokea miche ya mkonge iliyoagizwa na Richard Hindorf kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana nayo mkonge ukaenea nchini. Mkonge uliwapa baadhi ya watu kazi na wengine utajiri, lakini bei ilipoanguka mji ulibaki hauna fedha hata za kujibomoa. Nyumba za India Street zilisimama kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuziangusha. Ulinzi wa aina hiyo huisha siku barabara inapofika.

Ulinzi wa kisheria ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo husubiri litangazwe. Kumbuka hesabu ya Burton: miaka 6 tu kabla ya 1863 nyumba za mawe hazikuzidi 20. Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni kwamba sheria hiyo hiyo inalinda mlango wa kuchonga uliotengenezwa kabla ya 1940. Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1905 inaweza kuwa na mlango ambao sheria inautambua kwa tarehe yake, ukiwa umeshikizwa kwenye ukuta ambao tarehe yake haiusaidii. Wanunuzi wa milango wanaijua thamani hiyo vizuri. Kwa vizazi kadhaa sasa milango ya mwambao imekuwa ikivuka bahari kwenda kupamba hoteli na nyumba za watu wengine.

Kuna tatizo kubwa kuliko sheria ya mambo ya kale, nalo ni nani mwenye nyumba. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyahamishia serikalini majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, ambao ndio waliokuwa wamejenga maduka ya ghorofa katika miji mingi ya nchi. Majengo yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majengo, na 1990 yakakabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ilikuwa na sababu zake, na wapangaji walioteseka kwa kodi hawakuilaani. Lakini ilimtenga mtu anayekaa ndani na mtu anayepaswa kubadilisha boriti. Kodi ndogo haikuweza kulipia chokaa, na wamiliki wa nyumba ambazo hazikuguswa walijifunza kutowekeza.

Zilizobaki kwa familia zina ugonjwa mwingine. Babu alifariki, hakuna aliyegawa, kisha baba akafariki. Leo nyumba moja ina warithi 14: watano wapo mjini, wanne Dar es Salaam, watatu Muscat, wawili hakuna mwenye namba zao. Anayekaa humo halipi kodi, kwa hiyo hawezi kudai apewe paa. Anayeishi mbali anaogopa kutuma fedha za paa, maana atakuwa amewatengenezea wengine. Kila mtu anaipenda nyumba ya babu, na kila masika inapungua. Wataalamu wa hifadhi wakija na michoro yao huzungumza habari za plasta na roshani, wakati ufa wenyewe umo kwenye mirathi.

Hapa ndipo ujenzi wa watu wengi unapoweza kuwa dawa. Tangu 2008 Tanzania ina sheria inayoruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Dar es Salaam imeitumia kwa minara. Hakuna kinachoizuia itumike kwa nyumba ya warithi 14. Sehemu ya mbele, yenye duka na roshani, itengenezwe ilivyokuwa. Nyuma, ambako mara nyingi pamesimama vibanda vya mabati na choo kilichoporomoka, pajengwe sakafu 3 kuzunguka ua, vyumba vya kutosha nyumba ndogo 10 au 12. Mrithi anayetaka kukaa anapata hati ya sehemu yake. Anayetaka fedha anauza yake. Sehemu mbili tatu zinauzwa kwa mtu wa nje ili kulipia ujenzi wote. Mtaa unabaki na uso wake, mji unaongeza kaya kadhaa bila kukata mnazi hata mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu babu afariki kila boriti ina mwenyewe. Ni kazi ngumu, inayotaka kadhi au mahakama, mpima ardhi na subira ya kumtafuta ami aliyepotelea Uarabuni. Haimshindi mtu aliyezoea kutafuta hati ya kiwanja.

Vifaa vya kujengea navyo vinataka ukweli. Ni kawaida siku hizi kusikia kwamba nyumba za kale zilikuwa rafiki wa mazingira. Zilikuwa rafiki wa aliyekaa ndani. Chokaa ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, na dari zilikula mikoko. Mji wa nyumba mia moja ungeweza kumudu deni hilo. Wilaya ya watu 75,000 haiwezi. Mikoko ndiyo kingo ya mto na kitalu cha kamba na samaki. Matumbawe kati ya Tanga na Pangani yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wanasayansi walimdhania amekwisha duniani hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuchimba makazi ya silikanti ili kuhifadhi roshani ya muuza vitambaa kungekuwa kichekesho.

Nguvu kazi ya zamani nayo haikuwa safi. Kuhusu Boma la Pangani, ambalo simulizi hulitaja kuwa makazi ya tajiri wa Kiomani tangu 1810 kabla ya Wajerumani kulifanya ofisi, wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili zishike. Iwe kweli au iwe njia ya mji kukumbuka uovu usiopimika, simulizi hiyo ni sehemu ya jengo kama yalivyo mawe yake. Mji huu ndio ambao watu wake waliikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani Agosti 1888, na ndimo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alimonyongwa Desemba 1889. Urithi wa namna hiyo hautoshi kuandikwa kwenye kibao cha hoteli. Unataka watu wa Pangani waendelee kukaa katikati ya mji wao, kwa kodi wanayoimudu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umeonyesha upande wa pili: nyumba zinapona, zinapakwa rangi, zinageuka vyumba vya wageni, na mwuza kahawa anahamia mbali.

Basi ijengwe kwa nini? Zege pekee si jibu rahisi pwani. Saruji ipo karibu, kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikiizalisha tangu 1980, na hakuna atakayejenga sakafu 3 salama bila nondo na zege kiasi. Lakini utengenezaji wa saruji unabeba karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na kwenye upepo wa chumvi nondo huoza kutoka ndani. Fundi akichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure, ameipanda kutu siku ya kwanza. Miaka 20 baadaye zege linatumbuka, chuma kinaonekana chekundu kama mbavu, na mwenye nyumba anamlaumu Mungu.

Njia ipo katikati. Zege litumike pale panapobeba: nguzo, mikanda, ngazi. Kuta zijazwe kwa matofali ya udongo yanayofungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza. Katika sehemu za kale lipu iwe ya chokaa, tena iliyochomwa kutokana na mawe ya chokaa ya nchi kavu. Hili si suala la mapenzi ya ukale. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji unaufunga unyevu ndani, chumvi inakusanyika, na lipu inadondoka na kipande cha ukuta. Nyumba nyingi za pwani zimeuawa na ukarabati. Na ukarabati wenyewe ni kazi ya hatari: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883 na Sultan Barghash, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, matengenezo yakiendelea, na wafanyakazi wawili wakafa.

Pangani ina kifaa kingine ambacho haijakihesabu. Mnazi ukizeeka huacha kuzaa, na mashamba ya wilaya hii yana minazi iliyozeeka mingi. Sehemu ya nje ya shina lake, ikipasuliwa na kukaushwa vizuri, hutoa mbao ngumu, nyeusi yenye mistari, inayofaa roshani, ngazi na fremu za madirisha. Kila mnazi mzee unaopasuliwa unaacha nafasi ya kupanda mche. Mkonge, ambao umeufanya mkoa huu ujulikane duniani, unatoa nyuzi zinazozuia lipu isipasuke. Ajabu ni kwamba dirisha la nyumba mpya ya Pangani litakuwa la aluminiamu iliyosafirishwa kwa meli, na dari litakuwa la jipsamu linalovimba kwa unyevu, ilhali mnazi umeanguka nje.

Wapo wanaoona suluhisho katika ukubwa. Kwa ajili ya Fumba, Unguja, ulitangazwa mnara wa ghorofa 28, karibu mita 96, wenye sehemu kubwa ya mbao. Kama wazo, ni la kusisimua, na mbao hakika inashinda zege kwa hewa ukaa. Lakini mji wa mafundi seremala ungefaidika zaidi na majengo 30 ya sakafu 3 wanayoweza kuyajenga na kuyatengeneza wenyewe, kuliko mmoja ambao bawaba yake ikivunjika mtu anatafutwa kwa ndege.

Na yote haya yajengwe juu ya maji yanayopanda. Kisiwa cha Maziwe, kinachoonekana kutoka ufukweni Pangani, kilikuwa na miti na kasa waliotaga mayai. Kililindwa kama hifadhi tangu 1975, lakini mawimbi hayakusoma tangazo. Miti ikaanguka mmoja mmoja, na leo maji yakijaa hubaki bahari tupu. Mji ulio kwenye kingo umejengewa ukuta mpya kwa fedha za mradi wa kukabili mabadiliko ya tabianchi. Ukuta ni msaada, ila usimpe mtu ujasiri wa kuchimba maegesho chini ya ardhi. Waliojenga India Street walipanga vizuri: bidhaa zikae chini, watoto walale juu. Sakafu ya chini ikiwa fremu za maduka zilizoinuliwa kwa baraza, mafuriko yataharibu magunia, hayatamkuta mtu kitandani.

Halmashauri haihitaji kitabu kinene. Inahitaji ukurasa mmoja unaosema urefu wa mwisho katika mji wa kale ni sakafu 3. Kwamba nyumba ijengwe kwenye mstari wa mtaa, ikiwa na baraza na kivuli. Kwamba theluthi ya kiwanja ibaki ua. Kwamba asiyeweza kuchora apewe michoro mitatu iliyokwisha kuidhinishwa, bila malipo. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kitakachofanya kazi kuliko vyote, kwa kuwa wajenzi wengi huvunja kanuni kwa sababu mchoro ni ghali na foleni ya kibali ni ndefu. Atakayetaka ghorofa 8 apelekwe juu, kwenye ardhi kavu nje ya mji, na alipie barabara yake.

Kisha zijengwe nyumba tatu za mfano, za warithi waliokubaliana, ili watu waingie na kuhisi joto lake kwa ngozi zao. Chokaa ya kuzipiga lipu ikishatoka tanurini humwagiwa maji na kulazwa shimoni: wiki kadhaa kwa fundi mwenye haraka, miezi kwa fundi mwenye jina. Kama zinatakiwa ziwe zimekauka kabla masika hayajaingia, shimo la kwanza lichimbwe mapema, kusi ingali inavuma.